Pedi ya Pili

Idi iliyopita, baada ya pilau, ulizuka ubishi sebuleni kwa kaka yangu hadi chai ikapoa. Mwanawe wa miaka 14 anataka PlayStation 5. Binamu yake aliyekuja kutoka Nairobi akasema mwenye akili hununua Xbox, unalipa kwa mwezi na gemu ziko tele. Mdogo wao, binti wa miaka 9, akasema yeye angependa Nintendo Switch. Wakamcheka. "Hiyo ni ya watoto," akasema mmoja. "Na wasichana," akamalizia mwenziwe. Kaka yangu, ambaye ndiye mwenye pesa, akakata kesi bila hata kuinua macho kwenye simu: "PlayStation ndiyo ya watu. Hizo nyingine tuwaachie wenyewe."

Wenyewe ni nani? Mimi ni shangazi yao, na shangazi hatarajiwi kuwa na neno katika mambo haya. Lakini nimekuwa nikiisoma historia ya mashine hizi kwa miaka mingi, tena si kwa sababu ya kazi. Ni kwa sababu ya kinyongo. Nitafika hapo.

Mashine yetu ya kwanza ililetwa na mjomba kutoka Dubai, miaka ya tisini, tukikaa Majengo, Mombasa. Katriji yake ya manjano ilijigamba kwamba ina gemu 9999. Zilikuwa kama kumi hivi, zikijirudia kwa majina tofauti. Kulikuwa na Mario, kulikuwa na Contra, kulikuwa na vile vifaru vya kulinda ngome. Pedi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kaka, kwa haki ya kuzaliwa mwanzo. Ya pili ilikuwa yangu, nayo haikuwa na kitufe cha kuanzisha. Kaka akienda msikitini, mimi naweza kuwasha mashine, naweza kuitazama picha, lakini kuanza siwezi bila kuishika pedi yake. Akirudi akaikuta imesogezwa, ni vita.

Kwa muda mrefu nilidhani ule ulikuwa ubovu wa kitu cha bei rahisi. Kumbe wale waliotuigizia mashine walikuwa wameiga mpaka hapo. Mashine halisi ni Famicom ya Nintendo, iliyoanza kuuzwa Japani tarehe 15 Julai 1983, nyeupe na nyekundu, na pedi yake ya pili haikuwa na kitufe cha kuanzisha. Mahali pake iliwekwa maikrofoni ndogo ya kuongea ndani ya mchezo. Sisi hata hiyo maikrofoni hatukuipata. Lakini jina ndilo lililonishangaza zaidi. Famicom ni kifupi cha maneno yenye maana ya kompyuta ya familia. Ya familia! Kwetu familia ilikuwa kaka.

Sasa, lipo jambo ambalo vijana wa leo hawalijui, na hata kaka yangu nilipomwambia alidhani namtania. Zamani kidogo gemu hazikuwa na jinsia. Atari walipoanza kuuza mashine yao ya nyumbani mwaka 1977, matangazo yao yalionyesha baba, mama, nyanya na watoto wa kike na wa kiume, wote mbele ya televisheni moja. Katika kumbi za gemu za kutia sarafu, Pac-Man ya mwaka 1980 ilibuniwa na Toru Iwatani wa Namco akiwa na nia ya wazi ya kuwavuta wanawake na wapenzi waliotoka pamoja, kwa kuwa kumbi zile zilikuwa zimejaa wanaume na gemu za kuua. Akafikiria kitu cha kila mtu, akafikiria kula. Mwaka uliofuata ikaja Centipede ya Atari, na mmoja wa waandishi wake wawili alikuwa mwanamke, Dona Bailey. Mwaka 1982 Carol Shaw aliandika River Raid, ile ya ndege juu ya mto, ambayo wanaume wa rika fulani bado wanaisimulia kama walivyosimulia wazee vita vya Burma.

Kisha soko likaanguka. Marekani mwaka 1983 ilikuwa imefurika mashine na gemu mbovu zilizotengenezwa kwa haraka, madukani zikauzwa kwa bei ya kutupa, na nyingine zilitupwa kwelikweli: Atari walizika katriji zao katika jaa la taka la Alamogordo, New Mexico. Watu waliambiana kwa miaka kwamba hiyo ni hadithi tu, hadi lilipochimbuliwa Aprili 2014 na katriji zikatoka, E.T. zikiwemo. Wenye maduka walikuwa wameungua vidole. Ukienda na neno gemu, hawakutaki.

Basi Nintendo walifanyaje? Walipoivusha Famicom yao kwenda New York mwishoni mwa mwaka 1985 waliibadilisha sura. Rangi za furaha zikaondoka, ikawa sanduku la kijivu ambalo katriji huingizwa kwa mbele kama kanda kwenye video. Neno familia likaachwa kwenye jina. Pembeni wakaweka roboti mdogo wa plastiki, R.O.B., ili mwenye duka aamini kwamba hanunui gemu, ananunua mwanasesere. Roboti mwenyewe hakuwa na kazi kubwa, gemu alizoweza kuchezwa nazo zilikuwa mbili tu. Kazi yake ilikuwa kufungua mlango wa duka, na aliufungua.

Lakini ukishaingia duka la wanasesere lazima uwekwe kwenye rafu, na rafu za maduka yale zilikwisha kugawanywa. Huku vitanda na watoto wa plastiki wa kubembeleza, kule bunduki na magari. Hakuna rafu ya familia. Nintendo wakaenda kwenye bunduki, na matangazo yao yakajaa wavulana. Kwa maoni yangu hapo ndipo jambo lilipoamuliwa, si na wachezaji wala na watengenezaji wa gemu, bali na mpangilio wa duka. Hakuna aliyethibitisha kwamba wasichana hawapendi kurukia uyoga. Ilibidi tu mzigo ukae mahali.

Miaka minne baadaye wakatoa mashine ya mkononi na kuipa jina Game Boy, kusiwe na shaka. Huko Marekani iliuzwa pamoja na Tetris, gemu ya matofali iliyobuniwa Moscow na Alexey Pajitnov, na tofali halina jinsia. Mwaka 1995 Nintendo wenyewe wa Marekani walitangaza kwamba asilimia 46 ya waliocheza Game Boy walikuwa wa kike. Kwa ile mashine ya kijivu walikuwa asilimia 29, na kwa mrithi wake, Super NES, 14. Yaani mashine iliyoitwa ya mvulana ndiyo iliyokuwa na wasichana wengi kuliko zote. Haikukaa sebuleni kusubiri zamu. Unaingia nayo chumbani, unafunga mlango, na kitufe cha kuanzisha kiko mkononi mwako. Takwimu hizo nilipozisoma mara ya kwanza nilikumbuka ile pedi ya pili nikacheka peke yangu.

Sega waliingia kwa mlango mwingine. Bosi wao wa Marekani kuanzia mwaka 1990, Tom Kalinske, aliwahi kufanya kazi katika kampuni ya Mattel, ambako sifa yake kubwa ilikuwa kumfufua Barbie. Mtu aliyejua kumuuza Barbie hahitaji kufundishwa kwamba mnunuzi hununua picha yake mwenyewe. Sega hawakusema mashine yetu ni nzuri, walisema Nintendo ni ya mdogo wako. Wakamtoa Sonic mwaka 1991, mwenye kasi na dharau. Septemba 1993 Mortal Kombat ilipofika majumbani, ile ya Nintendo ilikuwa na jasho la kijivu mahali pa damu. Ile ya Sega ilikuwa na damu, ukijua vitufe vya siri, na kila mtoto alivijua. Ya Sega ikauzwa zaidi. Desemba mwaka huohuo Seneti ya Marekani ikaziita kampuni zote mbili, maseneta Joe Lieberman na Herb Kohl wakiuliza ni nani anayewapa watoto vitu hivi. Sega wakajitetea kwamba wateja wao wengi si watoto. Mwaka uliofuata ukaanzishwa utaratibu wa kuandika umri kwenye jalada la kila gemu. Sikuwahi kuona jalada lolote Majengo, kwa hiyo tuendelee.

Tuje kwa PlayStation, maana ndipo kinyongo kilipo. Sony walikuwa washirika wa Nintendo hadi Juni 1991, walipotangaza mashine yao ya pamoja kwenye maonyesho ya Chicago, na kesho yake Nintendo wakasimama kutangaza kwamba wamekwenda kwa Philips. Aibu ile ilizaa mashine, iliyotoka Japani tarehe 3 Desemba 1994. Na Sony walimchagua mtu wao: si mtoto, ni kijana mwenye mshahara. Uingereza waliipeleka PlayStation kwenye vilabu vya usiku, na gemu ya mbio ya Wipeout ilikuwa na muziki wa Chemical Brothers na Orbital, muziki wa watu wanaolala asubuhi. Hata walipompata shujaa wa kike, Lara Croft wa mwaka 1996, matangazo yalimweka pale atazamwe na wanaume.

Kijana wa London atokaye disko hakuwa na habari na Majengo, wala Sony hawakuwa nazo. Hakuna ofisi yoyote iliyotuandika katika orodha ya walengwa. Kilichotuleta ndani ni CD. Katriji kuigiza ni kiwanda, CD kuigiza ni kompyuta moja na mtu mmoja. Mashine ikishatiwa chipu inacheza chochote. Diski halisi za PlayStation ya kwanza zilikuwa nyeusi kwa chini, na mimi diski nyeusi nimeiona nikiwa mtu mzima. Zetu zote ziling'aa kama vioo, zimeandikwa kwa kalamu ya wino.

Kibanda cha gemu cha karibu yetu kilikuwa na televisheni tatu na feni moja. Shilingi tano kwa mechi, mshindi anabaki, aliyeshindwa anampisha mwingine. Jumamosi moja ya mwaka 1999, nikiwa na miaka 12, niliingia nyuma ya kaka na sarafu yangu mwenyewe. Ilikuwa Tekken 3. Nilimchukua Eddy Gordo, yule Mbrazili wa mateke. Wajuzi watasema Eddy si ustadi, ni kubonyeza ovyo. Haya. Nilibonyeza ovyo nikawatoa wavulana wanne mmoja baada ya mwingine, na wa tano alikuwa ameshakaa, ndipo mwenye kibanda akaja akaizima televisheni yangu. Hakuwa mkali. "Mwanangu, hebu nenda nyumbani. Hapa ni pa wavulana, utanifukuzia wateja." Akanirudishia shilingi tano. Kaka yangu alikuwa televisheni ya pili. Hakugeuka.

Kwa hiyo nilipokuja kusoma habari za rafu za New York, sikuzisoma kama mgeni. Yule mwenye kibanda hakuwahi kuona rafu ile, wala Nintendo hawakumtuma. Mila zetu za kumwita msichana ndani zilikuwako kabla ya umeme, hilo siwatwiki Wamarekani. Lakini yeye hakusema habari za mila. Alisema habari za wateja, na ndilo neno lile lile la duka.

Zilizofuata nitazipita mbio. PlayStation 2 ya mwaka 2000 ilicheza na DVD, kwa hiyo baba naye akawa na sababu ya kuinunua, na zaidi ya milioni 155 ziliuzwa. Microsoft wakaja na Xbox mwaka 2001, na mwaka mmoja baadaye wakaongeza huduma ya kucheza na watu wa mbali kwa intaneti ya kasi. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika hapa Mombasa mwaka 2009. Mtu akikuuliza kwa nini Xbox haikushika mtaani, mweleze hivyo kabla hujamweleza habari za ladha. Nao Nintendo, chini ya Satoru Iwata, wakatoa Wii mwaka 2006, ya kurusha mkono kama unacheza tenisi, wakisema wanamtaka yule asiyecheza: mama, bibi, mzee. Waliuza zaidi ya milioni 100. Wenye gemu wakaidharau, wakisema si mashine ya kweli. Mzigo ulikuwa umerudi kwenye picha ya Atari, ya nyanya mbele ya televisheni, na waliokerwa ni wale wavulana wa rafu, sasa wana ndevu.

Mengi ya haya niliyamwaga pale sebuleni. Vijana walisikiliza hadi Mortal Kombat, wakarudi kwenye simu zao. Kaka alinifuata jikoni nikiosha vikombe.

Nikamuuliza anaikumbuka Jumamosi ile. Nilitegemea aseme hapana.

"Naikumbuka," akasema. "Nilikuwa nimeweka shilingi yangu ya mwisho. Ningefungua mdomo ningetolewa na mimi."

"Ungetolewa, ndiyo."

Akanyamaza, akachukua kitambaa akaanza kukausha vikombe, kazi ambayo sijamwona akiifanya tangu tuzaliwe. Kisha akaniuliza hiyo Switch ni pesa ngapi, na kama inakuja na pedi mbili. Nikamwambia pedi zake ni vipande viwili vinavyochomoka pembeni, unampa mwenzio kimoja, na chochote utakachoshika unaweza kuanzishia mchezo. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, anajifanya amekuja kunywa maji.