Dirham elfu mbili si elfu sabini: hesabu ya maisha kati ya Kisauni na Ghuba

Kijana wa huku Kisauni akipata barua ya kazi ya Dubai au Doha, hesabu ya kwanza inayofanywa nyumbani ni ya kuzidisha. Dirham 2,000 mara 35, elfu sabini. Mama anamshukuru Mungu, mjomba anaanza kuulizia ploti Mtwapa, na kijana mwenyewe ameshaacha kibarua chake cha Changamwe. Hesabu hiyo haina kosa, ila haimwambii mtu ataishi vipi. Mimi nilikaa Deira na baadaye Sharjah, miaka minne jumla, nikiwa karani wa ghala. Naandika hapa yale ambayo anayeondoka anafaa kuyajua kabla hajakopa nauli.

Tuanze na sarafu. Dirham ya Imarati imefungwa kwa dola tangu 1997, dola moja kwa dirham 3.6725. Riyali ya Saudia ni 3.75 kwa dola, ya Qatar 3.64, na ya Omani ndiyo nzito kuliko zote, moja inazidi dola mbili na nusu. Mbele ya dola hizi hazipandi wala hazishuki. Inayocheza ni shilingi yetu. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na miezi michache baadaye ikarudi kama 130. Dirham 500 zilizokuwa zikiingia kwenye simu Likoni kama shilingi 21,700 zikawa 17,700. Nawajua watu waliokosana na wake zao mwaka ule, mke akiamini pesa zimepunguzwa na mume hajapunguza hata fils moja. Hapa chini natumia shilingi 35 kwa dirham na kwa riyali ya Qatar, na 34 kwa riyali ya Saudia.

Kinachokula mshahara ni malazi. Dubai mtu wa kipato kidogo hakodi nyumba, anakodi kitanda. Chumba kimoja cha Deira au Satwa kinatiwa vitanda vya ghorofa, watu sita au wanane, kila mmoja na pazia lake, jiko na choo ni vya wote. Kitanda cha chini kina bei yake na cha juu kina yake. Ukitajiwa dirham 600 mpaka 800 kwa mwezi, hujaibiwa. Ukichukua cha 700, ni shilingi 24,500, ambazo hapa Mshomoroni au Bamburi Mtambo zinakupa nyumba ya vyumba viwili yenye choo ndani na chenji unarudishiwa.

Sasa linganisha kazi mbili. Ya kwanza inalipa dirham 2,000, malazi juu yako. Toa kitanda 700. Chakula cha kujipikia, 500. Metro ya Dubai ni dirham 5 kila safari ukivuka kanda mbili, kwenda na kurudi siku 26 ni 260. Simu na intaneti, 100. Zimebaki 440, yaani shilingi 15,400. Kazi ya pili inalipa 1,200 tu, lakini kampuni inakupa kitanda na basi la kwenda kazini. Toa chakula 500 na simu 100, zimebaki 600, shilingi 21,000. Mshahara mdogo umeushinda mkubwa. Na kama umeondoka na deni la wakala la shilingi 120,000, yule wa 440 atalipa karibu miezi minane kabla nyumbani hawajaona shilingi ya kwanza.

Qatar wameliweka jambo hili ndani ya sheria. Tangu Machi 2021 kima cha chini ni riyali 1,000, na mwajiri asiyetoa malazi aongeze 500, asiyetoa chakula aongeze 300. Kwa hiyo mtu akiahidiwa "elfu moja mia nane" ya Doha, aulize kwanza kama ndiyo hiyo hiyo elfu moja iliyovalishwa nguo. Hata hivyo riyali 1,000 ni kama shilingi 35,000 na haikatwi kodi ya mapato. Hapa kibarua wa kawaida wa Mombasa, kwa agizo la mishahara la Novemba 2024, kima chake ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na humo inatoka 2.75% ya SHIF, 1.5% ya nyumba, na NSSF. Wangapi wanalipwa hata hicho kima, tuulizane wenyewe.

Chakula kinawashangaza wengi. Mchele, mafuta, maziwa ya unga na kuku wa Brazil aliyegandishwa si ghali Ghuba. Kuna miezi nilinunua kuku Sharjah kwa bei ya chini kuliko Kongowea. Ghali ni kile roho inachokitaka: unga wa mahindi, sukuma, nazi, samaki aliyevuliwa asubuhi. Ukila dengu na mkate kama wenzako wa chumbani, 500 inatosha. Ukitaka kula kama uko Likoni, haitoshi. Chai na mkate wa chapati kwenye mkahawa ni dirham tatu au nne, zaidi ya shilingi mia, na hapa kwa shilingi 70 mahamri na mbaazi yamekushibisha.

Upande wa nyumbani nao una gharama tusizozihesabu, na ya kwanza ni maji. Mombasa inakunywa maji ya mbali, Mzima, Baricho, Marere na visima vya Tiwi, na mferejini hayatoki kila siku. Familia ya watu sita ikinunua mitungi kumi ya lita 20 kila siku kwa shilingi 10, ni 3,000 kwa mwezi. Uhaba ukija na mkokoteni ukatoza 20, ni 6,000, na kuna vyumba Likoni havifiki kodi hiyo. Kwa mwenye kitanda Dubai, maji kwa kawaida yamo ndani ya kodi. Nafuu ya Mlikoni ni feri, maana mwenda kwa miguu anavuka bure.

Dada anayefanya kazi za ndani Saudia ni hesabu nyingine. Riyali 900 au 1,000 ni shilingi 30,600 mpaka 34,000, na kitanda, chakula na tiketi viko juu ya mwajiri. Kwenye karatasi anaweka akiba kuliko mlinzi wa Dubai. Akijaliwa likizo na ruhusa, anaweza hata kwenda umra kwa nauli ya basi, jambo ambalo hapa mtu anauza ng'ombe kulipata. Lakini analala mahali anapofanyia kazi, mlango si wake, na akiangukia mwajiri mbaya hana pa kwenda. Mitaa yetu imepokea majeneza. Hilo sitalitia kwenye shilingi.

Wengi huuliza kwa nini mtu asichukue familia yake wakaishi pamoja kwa gharama moja. Saudia ilianza mwaka 2017 kutoza riyali 100 kwa mwezi kwa kila mtegemezi wa mgeni, ikapanda kila mwaka hadi 400 mwaka 2020. Mke na watoto wawili ni riyali 1,200, yaani shilingi 40,800 kila mwezi kabla hawajala. Imarati, ili umlete mke, mshahara uwe angalau dirham 4,000, au 3,000 na nyumba ya kampuni, kisha watoto wengi wa wageni wanasoma shule za kulipia. Basi familia inabaki Kisauni, na mtu mmoja analisha nyumba mbili.

Na nyumba yenye mtu Uarabuni haibaki ilivyokuwa. Wanahama chumba cha Swahili kwenda nyumba ya choo ndani, watoto wanatolewa shule ya serikali na kupelekwa academy, mchango wa harusi unapandishwa kwa sababu "ana mtu nje". Ada ya academy haishuki shilingi ikipata nguvu.

Kwa anayekaribia kutia saini: hakikisha wakala wako yumo kwenye orodha ya mawakala waliosajiliwa na NEA, kisha tafuta kwenye mkataba mstari wa mshahara wa msingi, usiangalie jumla peke yake. Kwa wafanyakazi wa kampuni Imarati, malipo ya kumaliza kazi ni siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, kwa miaka mitano ya mwanzo, ukishatimiza mwaka mmoja. Dirham 2,000 ambazo msingi wake ni 900, na zilizobaki ni marupurupu, zitakupa 630 kwa mwaka. Zikiwa zote ni msingi, ni 1,400. Kwa miaka minne kama niliyokaa mimi, ni 2,520 dhidi ya 5,600.