Sodiamu kushuka kwa mgonjwa wa saratani: sababu zake na la kufanya

Jana mgonjwa wako alikuwa anaongea vizuri. Leo analala muda mwingi, anauliza jambo lilelile mara tatu, na analalamika kichwa kinamuuma. Nyumbani wengi husema ni morfini, au ndiyo mwisho umefika. Huenda ikawa hivyo. Lakini pia inaweza kuwa sodiamu imeshuka kwenye damu, na mara nyingi hilo hutibika.

Sodiamu ni nini?

Ni madini yaliyomo kwenye chumvi. Husaidia mwili kugawa maji sawasawa, na husaidia neva na misuli kufanya kazi. Kiwango cha kawaida kwenye damu ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Ikishuka, maji huingia ndani ya seli na kuzivimbisha, zikiwemo za ubongo. Ndiyo maana mgonjwa huumwa kichwa, hupata kichefuchefu, huchanganyikiwa, huyumba au huanguka. Ikishuka taratibu, anaweza asionyeshe dalili. Ikishuka haraka, huzidiwa.

Kwa nini hushuka?

Mara nyingi tatizo si chumvi kupungua kwenye chakula. Ni maji kuzidi mwilini. Fikiria mchuzi ulioongezwa maji: chumvi ni ileile, lakini mchuzi umepooza.

- Mwili kuzuia maji. Ubongo hutoa homoni inayoziambia figo zisitoe maji mengi. Baadhi ya saratani, hasa ya mapafu ya aina ya seli ndogo, huitengeneza homoni hiyo zenyewe. Saratani iliyofika kwenye ubongo, nimonia, maumivu makali na kichefuchefu pia huiongeza.
- Dawa. Baadhi ya dawa za saratani, kama vinkristini, siklofosfamaidi na sisplatini. Pia dawa za presha zinazoongeza mkojo, na amitriptilini na karbamazepini zinazotolewa kwa maumivu ya neva.
- Kutapika na kuharisha. Mgonjwa hupoteza maji pamoja na chumvi, kisha anarudishiwa maji matupu.
- Ini, moyo au figo kushindwa kazi. Tumbo hujaa maji na miguu huvimba.
- Tezi zilizo juu ya figo kuharibika. Hutokea saratani ikizifikia. Hali inayofanana nayo hutokea pia mgonjwa akiacha ghafla dawa kama prednisoloni au deksamethasoni alizotumia muda mrefu.

Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na sababu mbili au tatu kwa pamoja.

Usifanye haya nyumbani

Katika ziara za nyumbani mara nyingi nakuta jagi la maji kando ya kitanda, na mama anambembeleza mgonjwa amalize. Ni upendo, lakini kama mwili wake unazuia maji, kila glasi inazidi kuizimua damu. Mpe kadiri anavyotaka, usimlazimishe, mpaka uelekezwe na mhudumu wa afya. Usimwongezee chumvi kwa kubahatisha. Mwenye miguu iliyovimba anaweza kuvimba zaidi. Usimwachishe morfini wala dawa nyingine bila kuuliza.

Hospitalini

Nenda na dawa zote anazotumia, hata za kienyeji. Eleza amekunywa kiasi gani, amekojoa mara ngapi, na kama ametapika au kuharisha. Damu itapimwa. Matibabu hufuata sababu: mmoja atapunguziwa maji ya kunywa, mwingine atawekewa dripu ya chumvi, mwingine atabadilishiwa dawa. Usishangae jirani akitibiwa tofauti. Na sodiamu hupandishwa polepole, kwa sababu kuipandisha haraka kunaweza kuumiza ubongo.

Mwahishe hospitali kama:

- amepata degedege (mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni);
- haamki, au ni vigumu kumwamsha;
- amechanganyikiwa ghafla;
- anatapika mfululizo.

Kwa mgonjwa aliye katika siku zake za mwisho, timu ya tiba shufaa inaweza kukubaliana nanyi kutompima tena. Hiyo si kumtelekeza. Ataendelea kutulizwa maumivu na kichefuchefu, nawe utaendelea kulowanisha midomo yake, kumgeuza na kumshika mkono.