Mbona Ruiru Haina Gor Yake?

Jumamosi moja nilikuwa stejini Ruiru nikingoja matatu ya kwenda Kasarani, nimevaa jezi ya kijani ya Gor Mahia. Mzee mmoja akaniangalia kutoka juu hadi chini, akaniuliza kwa Kikuyu mimi ni mtoto wa nani. Nikamjibu kwa Kikuyu hicho hicho, nikamtajia guka na kijiji chetu. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Sasa hiyo shati ni ya nini?"

Hakuniuliza kwa ubaya. Alikuwa ameshangaa kweli, kama mtu ameona ng'ombe kwa gorofa. Lakini pale pale stejini kulikuwa na machali kama watano wamevaa Arsenal na mmoja wa Man United, na hakuna aliyewauliza kama wazazi wao walizaliwa London. Jezi ya watu walio kilomita elfu kadhaa ni sawa. Jezi ya timu inayocheza dakika thelathini kutoka hapa, hiyo lazima ujieleze.

Nimekaa na hilo swali wiki mbili sasa. Wacha nikupe hesabu kwanza. Kwa sensa ya 2019, mji wa Ruiru ulikuwa na watu 490,120. Kisumu, 397,957. Yaani sisi ni wengi kuliko Kisumu. Ukiongeza Thika na watu wake 251,407, hii barabara yetu ni jiji kamili. Sasa simama hapo stejini uulize watu kumi timu ya mtaa wao ni gani. Watakuambia Arsenal.

Jibu ambalo kila mtu anakupa ni moja: "Wakikuyu si watu wa mpira, ni watu wa biashara." Wanalisema na uhakika kabisa, kana kwamba limeandikwa kwa damu. Na hapo ndipo mimi huanza kushuku, kwa sababu hii Kenya tumeshasema mambo mengi ya damu halafu yakabadilika mbele ya macho yetu.

Chukua mbio. Leo ukisema mkimbiaji, akili inaenda Iten na Eldoret moja kwa moja. Lakini mtu aliyeiletea Kenya dhahabu ya kwanza kwa michezo ya Jumuiya ya Madola, kule Perth mwaka 1962, alikuwa Seraphino Antao, Mgoa wa Mombasa. Alishinda yadi 100 na yadi 220. Mbio fupi, wasee! Dhahabu yetu ya kwanza ya Olimpiki, Mexico 1968, ilikuwa ya Naftali Temu kwenye mita 10,000, na Temu alikuwa Mkisii. Baadaye Catherine Ndereba wa Nyeri akashinda Boston mara nne, na Samuel Wanjiru wa Nyahururu akachukua dhahabu ya marathoni Beijing 2008. Kwa hivyo hiyo damu inahamahama sana.

Ama chukua hoki. Mwaka 1971 Kenya ilimaliza ya nne kwenye Kombe la Dunia la hoki kule Barcelona. Ya nne duniani. Nahodha wa enzi hizo alikuwa Avtar Singh Sohal, na timu ilijaa Masingasinga na Wagoa kutoka klabu za Nairobi. Mtu angesema Wahindi wa Kenya wamezaliwa na fimbo mkononi. Halafu sheria ya leseni za biashara ya 1967 ikaanza kuwabana Waasia wasio raia, maduka yakafungwa, familia zikaenda Uingereza na Kanada, na hoki ikaondoka nao polepole. Mara ya mwisho timu ya wanaume kuingia Olimpiki ilikuwa Seoul 1988. Damu haikuisha. Watu waliondoka, na zile klabu hazikuwa zimewahi kufundisha wengine wa kutosha.

Hazikufundisha kwa sababu hazikujengwa kwa kazi hiyo. Michezo ya Kenya ilianza ikiwa imegawanywa kwa rangi, na hakuna aliyeficha. Mwaka 1910 mechi kubwa ya kriketi ilikuwa maofisa wa serikali dhidi ya masetla, Wazungu kwa Wazungu. Kuanzia 1933 kukawa na mechi ya Wazungu dhidi ya Waasia. Mwafrika hayuko hata kwa orodha. Hapa kwetu masetla wa kahawa na katani walijijengea klabu zao Thika na Ruiru, na viwanja vya gofu bado viko, ukipita unaona nyasi imenyolewa vizuri kuliko nywele zako. Mwafrika aliingia pale akiwa amebeba begi la fimbo za mtu mwingine.

Mpira wa miguu ndio uliachiwa sisi. Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya sabuni, lilianza 1926 kwa mechi ya Kenya na Uganda, na hapo ndipo mizizi ya mashindano ya CECAFA ilipo. Mpira ulikuwa rahisi na ulichezwa popote, na mkoloni aliupenda kwa sababu aliona afadhali vijana wakimbize mpira kuliko wakae wakizungumza siasa.

Sasa nifike mahali ambapo nadhani jibu la yule mzee limelala.

Timu kubwa za kabila hazikuanzia kijijini. Zilianzia Nairobi, kwa watu walio mbali na kwao. Mjaluo au Mluhya aliyekuja kufanya kazi reli, akapewa chumba Muthurwa au Makongeni au Kaloleni, hakuwa na shangazi hapo karibu. Alihitaji watu wa kumzika. Ndiyo maana kukawa na vyama kama Luo Union, vya kuchanga karo na kupeleka maiti nyumbani, na vyama hivyo hivyo vikawa na timu. Jumapili unaenda mpira, unakutana na watu wa kwenu, unasikia nani amekufa na nani anatafuta kazi. Jezi ilikuwa kadi ya uanachama.

Na sisi tulikuwa wapi? Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya mkoloni ilizunguka Nairobi na askari, ikaiita Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakachujwa kama maharagwe. Zaidi ya watu 20,000 wakatiwa kizuizini. Huku nyumbani, Kiambu, Murang'a na Nyeri, zaidi ya watu milioni moja wakaondolewa kwa mashamba yao na kusukumwa kwa vijiji vyenye mtaro na walinzi, na kafyu juu yake. Guka wangu alikuwa kijana mdogo kwa kijiji kama hicho. Nilipomuuliza kama walicheza mpira alicheka, akasema, "Ukikimbia, unapigwa risasi. Utachezaje mpira?"

Fikiria hiyo sentensi. Miaka ile ambayo mitaa ya Nairobi ilikuwa inajenga timu na majina na nyimbo za mashabiki, vijana wa kwetu walikuwa Manyani na Mwea, ama kwa vijiji ambako kukusanyika watu kumi ni kesi. Hali ya hatari iliisha 1960. Abaluhya wakaunda klabu yao 1964. Gor Mahia ikazaliwa 1968, ikapewa jina la Gor, mganga mashuhuri wa Kanyamwa kule Ndhiwa. Hayo ni maoni yangu, na naona yana uzito kuliko "biashara". Utamaduni wa mashabiki hauanzi siku moja, na sisi tulikatwa miaka ile ile muhimu.

Najua utaniuliza: si baada ya uhuru mngeanza? Tungeweza, ndio. Lakini baada ya uhuru Mkikuyu wa hapa hakuhitaji uwanja ndio akutane na watu wake. Alikuwa nyumbani, na rais alikuwa wa Gatundu. Kilichokusanya watu kilikuwa kampuni za kununua mashamba. Wazee walichanga shilingi kidogo kidogo, wakanunua mashamba ya masetla wa huku, wakagawana. Plot nyingi ambazo leo zimejaa fleti Ruiru na Juja zilipitia mikononi mwa kampuni kama hizo. Guka hana jezi hata moja, lakini cheti chake cha hisa amekifunga kwa karatasi ya nailoni, na ukikigusa utajua hujui. Hiyo ndiyo ilikuwa timu yake.

Wenzetu nao walikuwa wanapitia kitu tofauti. Julai 1969 Tom Mboya akauawa. Tarehe 25 Oktoba risasi zikapigwa Kisumu siku Kenyatta alipoenda kufungua hospitali, watu wakafa. Siku chache baadaye chama cha KPU kikapigwa marufuku na Oginga Odinga akawekwa kizuizini. Gor ilikuwa na mwaka mmoja tu. Sasa kama chama chako kimefungwa na kiongozi wako yuko ndani, ni wapi pengine utaimba kwa sauti na wenzako elfu kumi bila kibali? Ukielewa hapo, utaelewa kwa nini mtu wa Gor halii tu kwa sababu ya mabao.

Halafu 1980. Serikali ya Moi ikasema vyama vya kikabila vivunjwe. GEMA ikaenda, Luo Union ikaenda, na timu za mpira zikaambiwa zibadilishe majina. Luo Union ilikuwa imetoka kuchukua ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati 1976 na 1977, ikageuka Reunion. Abaluhya Football Club wakawa werevu: wakawa AFC Leopards, na AFC ikasemekana ni All Footballers Confederation. Herufi zile zile! Gor nao kwa muda wakajiita Gulf Olympic Rangers, ambayo ukichukua herufi za mwanzo unapata nini? Hata Masingasinga hawakuachwa, Sikh Union ikawa Simba Union. Mashabiki wakaendelea kuwa wale wale, wakiimba zile zile. Na mwaka 1987, pale Kasarani, Gor wakatoka sare 1-1 na Esperance ya Tunisia baada ya 2-2 kule Tunis, wakachukua Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini. Siku hiyo Kenya nzima ilikuwa K'Ogalo, hata Thika. Waulize wazee.

Kwetu zilizobaki zilikuwa timu za kampuni. Kenya Breweries pale Ruaraka, ambayo sasa ni Tusker, ilifika fainali ya kombe hilo hilo 1994 ikapigwa na Motema Pembe. Thika United ilifadhiliwa na kampuni ya maziwa ya Brookside, ya hapa Ruiru, ikacheza ligi kuu miaka kadhaa kabla ya kushuka 2018. Bidco United wa Thika wana kampuni ya mafuta ya kupika. Timu nzuri, wachezaji wa kila kabila, hilo nalipenda. Shida ni kwamba timu ya kampuni inategemea bajeti ya mtu. Hesabu zikibadilika ofisini, shabiki anaamka timu haipo, na hakuna wa kulilia. Gor imekosa pesa mara ngapi? Wachezaji wamegoma, mabasi yamekosa mafuta, lakini Jumapili watu wanajaa.

Mimi nilianzia kwa Baba Akinyi, jirani yetu. Januari 2008 nilikuwa mdogo sana, nakumbuka tu lori na godoro juu yake, na mama akiwa amesimama mlangoni hasemi kitu. Familia hiyo iliondoka Ruiru usiku. Walirudi baada ya miaka miwili, plot tofauti, mtaa ule ule. Sijawahi kumsikia akiongelea. Mwaka 2013, Gor ikichukua ligi baada ya miaka 18, alikuja kwetu akamwomba mama, "Mama, naomba kijana anisindikize uwanjani." Mama alisita. Nilimwona akisita. Halafu akaniambia nivae sweta.

Nilienda nimekaa mabegani mwa mtu nisiyemjua jina, nikiimba maneno ya Kijaluo nisiyojua maana yake. Hakuna aliyeniuliza guka wangu ni nani.

Kwa hivyo yule mzee wa stejini, kama mjukuu wako anasoma hii, mwambie shati ni ya Baba Akinyi. Na nyinyi wengine nina ombi. Guka anasema baada ya kafyu kuisha, kulikuwa na vijana wa viwanda na mashamba ya kahawa waliocheza Jumapili kati ya Thika na Ruiru, timu zenye majina, na yeye mwenyewe aliwahi kusimama golini mara mbili akafungwa saba. Jina la timu limempotea. Muulize guka wako, muulize cucu, angalieni kwa zile picha za zamani kwa sanduku. Nataka majina ya timu na rangi za jezi.