Ziwa Tanganyika na Ufuko wa Kuazima

Mgeni afikaye Ujiji na kuoneshwa mnara wa mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871 hushangaa kuona ya kuwa ziwa li mbali, ilhali zamani hizo soko la mji lilikuwa karibu na maji. Mnara haukuhamishwa, lililohama ni ziwa.

Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876, alikuta miti mitatu ya jamii ya mchikichi, iliyokuwa sokoni miaka mitano nyuma, imesimama majini. Sababu ilikuwa ng'ambo. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, nao ni mto Lukuga, upande wa Kongo. Cameron alipoufikia mwaka 1874, aliukuta umezibwa na magugu. Ziwa likazidi kujaa hata mwaka 1878 hivi kizuizi kikavunjika, na kabla ya karne kwisha maji yakashuka kadiri ya mita 10. Ufuko mpana ukabaki mkavu. Watu wakalima, wakajenga, na wajukuu wao wakaudhani kuwa nchi kavu ya tangu asili.

Dhana hiyo imekanushwa zaidi ya mara moja. Mvua kubwa za miaka ya 1961 na 1962 zililiinua ziwa, likafikia kilele mwaka 1964. Tena tangu mwaka 2020 maji yalipanda, na kufikia mwaka 2024 yalikuwa yamefunika nyumba na barabara katika sehemu za Kigoma, Bujumbura, Uvira na Kalemie.

Katika kutafuta kinga, yafaa kutenganisha gharika mbili. Ya kwanza hutoka ziwani. Ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi halizuiwi kwa mti wala kwa ukuta. Dawa yake ni kulipisha. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Ukanda huo ukiachiwa matete na mafunjo, mawimbi hupungua nguvu, udongo hushikwa, na samaki hupata mazalio.

Gharika ya pili hutoka vilimani, nayo yazihusu hata kata za manispaa kama Rusimbi. Mlima uliovuliwa miti hauyapokei maji ya mvua. Huyatupa bondeni pamoja na tope. Hapa mti una kazi. Mradi wa TACARE, ulioanzishwa na Taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994, uliingia vijiji vilivyo jirani na Gombe kwa vitalu vya miche. Baadaye vijiji vilitenga misitu yao wenyewe, na ikaonekana kwamba visiki visipokatwa tena wala kuchomwa huchipua vyenyewe.

Lakini mvuvi wa dagaa hawezi kuishi mbali na mwalo, na maskini hujenga pale panapopatikana. Kumwambia ahame bila kumpa kiwanja ni kumtoa majini na kumtia njaani. Kwa hiyo kinga ya asili haianzi na mche peke yake, bali na ugawaji wa ardhi wenye haki.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tena ziwa hurudi baada ya kizazi kimoja au viwili, wakati waliolishuhudia wamekwisha nyamaza. Ujiji ina mnara wa kukumbusha wageni wawili. Yastahili pia iwe na alama ya kukumbusha maji yalipofika.