Mutrah
Mutrah ni wilaya ya bandari katika Maskati, Oman. Wareno waliishikilia hadi Imamu Sultan bin Seif alipowang'oa Maskati mwaka 1650. Ngome yao ingali juu ya mwamba. Walawati, wafanyabiashara mashuhuri, walikaa ndani ya Sur al-Lawatia, mtaa wenye ukuta na lango lake lenyewe, unaotazama bahari. Kutenganishwa kwa Zanzibar na Oman mwaka 1861 kuliidhoofisha sana hazina ya Maskati. Wilaya ina wawakilishi katika Majlis al-Shura, baraza la ushauri la Oman lililoundwa 1991, na mwaka 2012 wakazi walichagua madiwani kwa mara ya kwanza. Bandari ya Sultan Qaboos, iliyofunguliwa miaka ya 1970, ilipokonywa meli za mizigo mwaka 2014, zikapelekwa Sohar. Wachuuzi wa soko la Mutrah sasa hutegemea zaidi watalii.