Miaka 40 ya Kuisikiliza Ngoma ya Nyiragongo

Ukichimba msingi wa nyumba Goma, sururu hudunda. Udongo ni haba. Kilichopo ni jiwe jeusi lenye vitundu, lenye makali ya kutoboa soli ya kiatu, nalo ni lava iliyopoa. Watu wa Goma huliponda, hulichonga, hulipanga likawa ngazi, ukuta wa ua, msingi wa nyumba ya mbao. Vijana hulipakia kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, kisha wakateremka nalo barabarani goti moja likiwa juu ya ubao. Chukudu imejengewa hata sanamu, yenye rangi ya dhahabu, kwenye mzunguko wa barabara mjini.

Jiwe hilo limetoka mlimani. Kaskazini mwa mji, kilomita zisizofika 20 kutoka ufukweni, umesimama Nyiragongo, mita 3,470 juu ya usawa wa bahari. Usiku usio na mawingu, moshi wake huonekana mwekundu kwa chini, kama paa la jiko linalowaka. Kusini ni Ziwa Kivu. Mashariki ni mpaka wa Rwanda, na mji wa Gisenyi umeungana na Goma kiasi kwamba mgeni huuona mpaka kwa sababu tu ya askari na foleni ya akina mama wafanyabiashara. Katikati ya mlima, ziwa na mpaka wamebanana watu zaidi ya milioni moja.

Inasemwa kwamba jina la Goma linatokana na ngoma. Basi wapo watu ambao kwa miaka 40 sasa kazi yao imekuwa kuisikiliza ngoma hiyo usiku na mchana: wafanyakazi wa Kituo cha Uangalizi wa Volkano cha Goma, OVG kwa kifupisho chake cha Kifaransa, kilichoanzishwa mwaka 1986.

Ili kuelewa kwa nini mji ulihitaji kituo kama hicho, inabidi kuanza na ardhi yenyewe. Goma imekaa ndani ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa, mahali ambapo bara la Afrika linapasuka polepole. Volkano za Virunga, nane kwa idadi, zimeota juu ya mpasuko huo. Zamani sana, maji ya eneo hili yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward na Nile. Volkano zilipoinuka zikaziba njia, maji yakajaa nyuma yake, yakapanda hadi yalipopata mlango wa kusini, palipo na mji wa Bukavu leo. Kutoka hapo Mto Ruzizi unayashusha hadi Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo Ziwa Kivu, lenye kina kinachokaribia mita 485, ni kazi ya volkano hizihizi.

Na volkano haijaacha kulihudumia ziwa lake. Chini kabisa, ambako maji hayachanganyiki na ya juu, zimejikusanya gesi: takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksaidi na 60 za methani. Mwaka uleule OVG ilipoanzishwa, tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kameruni lilitapika kaboni dioksaidi usiku, likaua watu wapatao 1,700 na mifugo yao. Nyos ni kidimbwi ukililinganisha na Kivu. Tangu hapo, mtu anayeichunguza Nyiragongo hulazimika kuwa na jicho moja mlimani na jingine ziwani.

Kituo hakikuzuka kutoka hewani. Mwaka 1948 Haroun Tazieff, mtafiti wa volkano aliyekuja kujulikana duniani kote, aliteremka ndani ya kreta ya Nyiragongo na kuliona kwa macho yake ziwa la lava likitokota. Huko Lwiro, karibu na Bukavu, Wabelgiji walijenga taasisi kubwa ya utafiti. Baada ya uhuru, taasisi hiyo iliendelea kama kituo cha utafiti wa sayansi cha taifa, na wataalamu wake Wakongomani walishirikiana na Wajapani kupima mitetemo ya Virunga.

Kisha ikaja tarehe 10 Januari 1977. Ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa lote la lava likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava ya Nyiragongo haina silika ya kutosha kuifanya nzito. Ni majimaji kama uji uliozidi maji, na mteremko ni mkali. Ilishuka kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa saa, ikavikuta vijiji kabla watu hawajatoka nje. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana, kutoka makumi hadi mamia. Mji wenyewe ulinusurika, lakini hakuna aliyeweza tena kudai kwamba mlima ule ni mandhari tu ya kupigia picha. OVG, tawi la kazi ya Lwiro lililopandwa chini ya mlima wenyewe, ni mtoto wa mkasa ule.

Miaka yake ya kwanza haikuwa ya raha. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walimiminika Goma kwa mamia ya maelfu, kipindupindu kikazuka, na wakafa makumi ya maelfu kwa majuma machache. Lile jiwe jeusi likakataa hata makaburi. Ilibidi mashine na baruti zitumike kupata mahali pa kuwazika. Na wiki chache tu kabla, mwezi Juni, lava ilikuwa imeanza tena kujaa ndani ya kreta. Kisha vita vikafuata, serikali ya Kinshasa ikawa mbali kuliko ramani inavyoonyesha, na wafanyakazi wa kituo wakaendelea kwenda kazini bila mshahara wa uhakika. Hilo ni jambo la kukumbukwa katika miaka hii 40: kuna kipindi ambacho mji mzima ulilindwa na watu wachache waliokuwa wakijitolea.

Kufikia mwaka 2001, mashine za kupima mitetemo zilizokuwa zikifanya kazi zilikuwa mbili, moja Katale na nyingine Bulengo, zote za mtindo wa zamani. Mashine ya aina hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Ina mcheduara uliovikwa karatasi, unaozunguka taratibu kama pipa linalobingirishwa na mtoto, na sindano inayochora mstari. Ardhi ikitulia, mstari hunyooka. Ardhi ikigutuka, sindano huruka huku na huku. Fundi huja, huvua karatasi ya jana, huvika mpya, huiandika tarehe, kisha huketi na rula kuhesabu mikwaruzo. Mtetemo wa mwamba unaovunjika huchora umbo moja. Mtetemo wa lava inayosukumana chini ya ardhi huchora umbo jingine, refu, kama mtu anayekoroma.

Dieudonné Wafula, mtaalamu wa kituo, alikuwa anaisoma mikwaruzo hiyo. Mwaka 2001 ulipokuwa ukielekea mwisho, aliona mitetemo ikiongezeka. Alipanda mlimani, akakuta joto na moshi kwenye nyufa za Shaheru, ile kreta ndogo ya kusini. Aliwataarifu viongozi, akawaandikia pia wanasayansi wa ng'ambo kuomba msaada. Sauti yake ilisikika kwa wachache.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, mlima ulipasuka upande wa Shaheru, na ufa ukateremka kuelekea kusini hadi Munigi, nyuma ya uwanja wa ndege. Lava ilitoka karibu kabisa na nyumba za watu. Mkondo mmoja ulifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege, ukapita katikati ya mji, ukalimeza Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ukaingia ziwani kwa mvuke mkubwa. Takriban asilimia 13 ya mji ilifunikwa. Watu zaidi ya laki tatu walikimbia, wengi wakivuka kwenda Gisenyi na godoro kichwani, na wapatao 120,000 wakakosa pa kurudi. Wanasayansi walikesha wakiwaza lava iliyozama ziwani: je, ingeamsha gesi ya chini? Haikuamsha, iliishia kwenye kina kidogo, juu sana ya tabaka lenye gesi nyingi.

Vifo vilikuwa vichache ukilinganisha na ukubwa wa maafa, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea siku chache baadaye, kituo cha mafuta kilipolipuka huku watu wakichota petroli. Wengi waliokuwa wamekimbia walirudi ndani ya siku chache, jiwe likiwa bado la moto chini ya miguu, wakapima viwanja vyao upya juu yake.

Baada ya 2002 dunia ikaikumbuka OVG. Vikaja vifaa vya kidijitali, vipimo vya GPS vinavyogundua mlima ukivimba kwa milimita, picha za setilaiti, na ushirikiano na taasisi za Italia, Ubelgiji na Luxembourg. Mjini yakawekwa mabango ya tahadhari ya rangi nne: kijani, njano, chungwa na nyekundu. Lakini heshima kubwa ya kituo hiki, kwa maoni ya mwandishi huyu, iko katika kazi zisizotangazwa redioni.

Mojawapo ni mazuku. Magharibi mwa Goma, kuelekea Sake, kuna mabonde madogo ambamo kaboni dioksaidi hutoka ardhini na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama kama maji kwenye bakuli. Alfajiri, kabla upepo haujaamka, ndipo huwa kali. Mtu mzima aliyesimama huenda asihisi chochote. Mbuzi anayechunga na mtoto aliyeinama hulala wasiamke. Wakazi waliliita jambo hilo mazuku, yaani upepo mbaya, na neno lao limeingia hivyohivyo katika majarida ya sayansi ya lugha nyingine bila kutafsiriwa. Kupima mabonde hayo na kuyaorodhesha ni suala la uhai hasa pale wakimbizi wa vita wanapopiga mahema popote wanapopata nafasi.

Nyingine ni maji. Goma iko ufukweni lakini haina mto. Mvua hunyonywa na lava mara inapogusa chini. Asubuhi akina mama na watoto huteremka ziwani na bidoni za manjano. Wanaokaa mbali hukinga mvua, na mvua hiyo, ikipita katika moshi wa volkano, hubeba asidi na floraidi nyingi ya kutia meno madoa ya kahawia. Kupima maji ya mvua ni sehemu ya kazi ya kuisoma volkano, ingawa haina kishindo cha lava.

Mwaka 2020 fedha za mradi uliokuwa ukifadhiliwa na Benki ya Dunia zilikwisha. Kwa miezi kadhaa kituo kilikosa intaneti ya kuvuta takwimu kutoka mashineni, na mafuta ya magari ya kwendea mlimani. Ndipo, jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, anga la Goma likawa jekundu ghafla. Lava iliikata barabara ya Rutshuru, ikaunguza maelfu ya nyumba, ikasimama Buhene, ukingoni mwa mji. Walikufa watu wapatao 30.

Lawama zilimiminika kwa OVG, na nyingine zilikuwa na sababu. Hata hivyo utafiti uliochapishwa mwaka uliofuata katika jarida la Nature ulionyesha jambo la kutisha zaidi: ubavu wa mlima ulikatika ghafla, na dalili za wazi zilijitokeza chini ya saa moja kabla ya lava kutoka. Hata kituo chenye kila kitu kingepata muda mfupi mno.

Kilichofuata ndicho kilichoonyesha thamani ya kituo. Kwa siku kadhaa ardhi haikutulia. Kuta zilipasuka Goma na Gisenyi. Takwimu zilionyesha kwamba lava ilikuwa ikipenya chini ya mji wenyewe, mita mia chache tu chini ya miguu ya watu, hadi chini ya ziwa. Alfajiri ya tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi aliamuru kartiye kumi zihamwe. Karibu watu laki nne waliondoka, wengine kwa miguu kwenda Sake, wengine kwa boti kwenda Bukavu. Lava haikutoka. Mitetemo ilipopungua, tangu tarehe 7 Juni watu wakaanza kurudishwa, na masoko yakafunguliwa.

Januari 2025 mji uliingia mikononi mwa waasi wa M23. Ndani ya kreta iliyomwagika mwaka 2021, lava ilikwisha kurudi tangu zamani, ikijikusanya upya sakafuni. Usiku mawingu yakifunguka, watu wa Majengo na Munigi hutoka uani na kutazama kaskazini wauone ule wekundu, kabla ya kufunga milango.