Chuma cha Beit al-Ajaib

Kwa karne nyingi, upana wa chumba katika majumba ya mawe ya Unguja uliamuliwa na mkoko. Boriti haikuweza kuvuka zaidi ya mita tatu hivi, na kwa hiyo hata nyumba ya tajiri ilikuwa na vyumba virefu vyembamba. Seyyid Barghash bin Said alipoijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, sheria hiyo aliivunja kwa chuma. Nguzo za chuma cha kusubu zilibeba baraza pana, na mihimili ya chuma ikabeba sakafu.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zililipiga eneo la kasri kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Hukm, jirani yake, iliharibika vibaya. Beit al-Ajaib ikasimama. Lakini adui wa pili hakuwa na kishindo. Hewa ya chumvi hupenya katika ufa wa chokaa na kukila chuma. Kutu nayo huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, basi hulipasua jiwe kutoka ndani.

Hapo ndipo huitwa fundi, na tiba nayo ina hatari yake. Si kila chuma hupokea moto wa kuchomelea. Chuma cha kusubu kina kaboni kiasi cha asilimia 2 hadi 4. Kikipashwa moto mahali pamoja kisha kikapoa upesi, huingia ufa kando ya kiungo. Chuma cha kufua kina nyuzi za taka za tanuri, na huweza kuachana tabaka kwa tabaka. Pua ya karne ya 19 mara nyingi ina salfa na fosforasi nyingi kupita ya leo. Kwa hiyo hukatwa kipande kidogo, kikapimwa kwanza. Na mara nyingi bamba lililofungwa kwa bolti huwa salama kuliko moto.

Mwaka 2012 kona ya baraza ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Majumba ya chuma yameongeza sharti: kabla ya kuziba, kijue kwanza kile kilichopasuka.